Siasa za utambuzi wa magonjwa ya akili ni nini?

Ni dhana inayoeleza jinsi serikali, sheria, bima na harakati za umma zinavyochangia kuamua hali ipi iitwe ugonjwa wa akili na nani atibiwe. Haina maana kwamba magonjwa haya ni ya kubuni. Mwenye sonona anaumia kweli. Ila malaria huthibitishwa kwa kupima damu, ilhali magonjwa mengi ya akili hayana kipimo cha maabara. Daktari humsikiliza mgonjwa, hutazama mwenendo wake, kisha hulinganisha na mwongozo ulioandikwa na kamati. Wanakamati nao ni watu wa zama zao.

Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Louisiana, Marekani, alidai kwamba mtumwa anayetoroka ni mgonjwa, akauita ugonjwa huo drapetomania. Katika Umoja wa Kisovyeti, wapinzani kadhaa wa serikali waliambiwa wana “skizofrenia ya polepole”, yaani ugonjwa wa kushindwa kutofautisha uhalisia na mawazo uliodaiwa kuingia taratibu, na hamu ya kurekebisha jamii ikahesabiwa kuwa dalili. Mshairi Natalya Gorbanevskaya, aliyeandamana Moscow mwaka 1968 kupinga uvamizi wa Kisovyeti nchini Chekoslovakia, baadaye alifungiwa katika hospitali ya akili huko Kazan. Kwangu mimi huo ni ukatili kuliko jela. Mfungwa anajua siku ya kutoka. Yeye alisubiri madaktari waseme amepona.

Siasa hizohizo zimewahi pia kuokoa watu. Askari wa Marekani waliotoka vitani Vietnam walirudi na jinamizi na hofu isiyoisha, lakini mwongozo wa wakati huo wa madaktari wa akili wa Marekani (DSM) haukuwa na jina la kueleza hali yao, na bila jina ilikuwa vigumu kudai matibabu na fidia. Walishinikiza kwa miaka, wakiungwa mkono na baadhi ya madaktari, hadi kiwewe chao kikaingizwa katika toleo la 1980. Mwongozo huohuo, kufuatia shinikizo la wanaharakati, ulikuwa umeacha kuuhesabu ushoga kuwa ugonjwa mwaka 1973.

Sheria na sera nazo huamua nani atibiwe. Pale ambapo kujaribu kujiua ni kosa la jinai, familia huficha kilichotokea kwa kuogopa polisi. Mgonjwa hafiki kwa daktari, haingii kwenye takwimu, na bajeti ya afya ya akili hupangwa kana kwamba hayupo.