Kurudi kwa ugonjwa wa akili: maana yake, na kazi ya watu wa nyumbani

Ugonjwa wa akili husemwa umerudi pale mtu aliyekwisha kupata nafuu, akawa analala, anakula, anazungumza na watu na kushika kazi zake, anapoanza tena kuonyesha dalili zilezile zilizomfikisha hospitali. Kauli hii hutumika zaidi kwa maradhi matatu: skizofrenia (mtu husikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo), baipola (mara anapanda msisimko kupita kiasi, mara anazama katika huzuni) na sonona (huzuni nzito isiyoondoka). Huwatokea hata waliotibiwa vizuri, kwa hiyo mtu akirudiwa haina maana kwamba tiba ilikuwa bure au kwamba kuna wa kulaumiwa nyumbani.

Jambo ambalo familia nyingi hazielezwi siku mgonjwa anaporuhusiwa ni kwamba mara nyingi ugonjwa huu hauzuki usiku mmoja. Hutangulia siku kadhaa, pengine wiki mbili tatu, za dalili ndogondogo ambazo mtabibu hawezi kuziona, kwa sababu yeye hukutana na mgonjwa dakika chache kwa mwezi. Wanaoziona ni wale wanaoishi naye. Mgonjwa akiletwa kliniki katika siku hizo, mara nyingi kuongeza dozi au kubadili dawa kunatosha. Akiletwa baada ya hapo, kwa kawaida analetwa na watu sita na kamba.

Kwanza yapo mambo matatu yanayofanana na kurudi kwa ugonjwa lakini siyo. La kwanza ni maradhi ya mwili. Mtu akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa chache au siku moja, hasa akiwa na homa, hajui yuko wapi wala ni saa ngapi, apelekwe kupimwa malaria na maambukizi mengine siku hiyo hiyo. Malaria kali huvuruga akili, na huku Kusini mwa Tanzania malaria ipo mwaka mzima. Familia iliyozoea kwamba "huyu ndivyo alivyo" inaweza kumwacha ndani hadi amechelewa.

La pili ni madhara ya dawa. Haloperidoli, moja ya dawa za skizofrenia, inaweza, hasa siku za mwanzo, kukaza misuli: shingo inapinda upande, ulimi unakuwa mzito, macho yanaganda yakitazama juu. Anayeiona kwa mara ya kwanza husema jini limepanda. Hiyo ni dharura, lakini inatibika haraka kituoni kwa dawa kama benzeksoli au promethazini. Kuna na hali nyingine ya kutotulia: mgonjwa anakaa, anasimama, anazunguka uwanja, anasema miguu inamwasha kwa ndani. Ukidhani ni ugonjwa ukamwongezea kidonge, unamzidishia. Klopromazini, dawa ya kundi hilohilo, nayo huifanya ngozi iungue upesi juani na hushusha presha mtu anaposimama ghafla. Anayekwenda shamba avae mikono mirefu na kofia, na asubuhi akae kwanza kitandani kabla ya kuinuka.

La tatu ni huzuni au hasira ya kawaida. Aliyewahi kuugua ana haki ya kukasirika kama mtu mwingine. Kila akipandisha sauti akiambiwa "umemeza dawa leo?", ataanza kuficha yaliyo moyoni mwake, na hapo dalili za kweli zitapita bila kuonekana.

Sasa, kwa nini hurudi? Sababu inayoongoza ni kuacha dawa, na humo ndani kuna mtego unaostahili kuelezwa polepole. Mtu akiacha dawa za skizofrenia leo, kesho haugui. Pengine wiki ya kwanza anajisikia vizuri kuliko alivyokuwa: usingizi mzito umeondoka, mate hayamjai mdomoni, mikono haitetemeki. Yeye na ndugu zake wanakata shauri kwamba dawa ndizo zilizokuwa zikimlegeza. Ugonjwa unarudi baada ya wiki kadhaa au miezi, na kwa kuwa muda umepita hakuna anayeuhusisha na vidonge vilivyoachwa. Kwa sindano ya flufenazini, ambayo wengi huchomwa kila baada ya wiki 4 hivi, mtego ni mrefu zaidi, kwa sababu dawa hutoka mwilini taratibu. Aliyekosa sindano ya mwezi huu anaweza kuonekana mzima hadi mwezi ujao na zaidi. Dawa za kifafa, ambazo wengi huzichukua kliniki hiyo hiyo ya afya ya akili, ni kinyume chake: ukikatisha ghafla, degedege linaweza kuja ndani ya siku chache.

Muda wa kutumia dawa baada ya kupona nao hutajwa mara chache kuliko inavyotakiwa. Aliyeugua skizofrenia au ugonjwa unaofanana nayo kwa mara ya kwanza huendelea na dawa kwa walau miezi 12 baada ya dalili kuisha. Wa sonona, si chini ya miezi 6, na mara nyingi miezi 9 hadi 12. Aliyekwisha kurudiwa huhitaji zaidi. Kupunguza ni kazi ya mtabibu, na hufanywa hatua kwa hatua.

Huku kwetu kuacha dawa kuna msimu wake. Kuanzia Oktoba watu wanahamia mashambani kuokota korosho, kliniki inakuwa mbali, nauli inasubiri malipo ya mnada. Wakati huohuo mabibo yapo na uraka, pombe ya mabibo, unanyweka kila kona, gongo nayo ipo. Pombe juu ya dawa hizi humlaza mtu kupita kiasi, kisha humvurugia usingizi, na anayekunywa jioni ndiye anayeruka dozi ya usiku. Ongeza hapo makesha ya kulinda korosho au ya ngoma. Kwa mwenye baipola, usiku mbili tatu bila usingizi zinatosha kumwamsha ugonjwa. Dawa yake ni kupanga mapema: mwezi Septemba, mwombeni mtabibu dawa za miezi miwili, na kama ni mtu wa sindano, ulizeni kituo gani cha karibu na shamba kinaweza kumchoma, na muondoke na barua inayotaja jina la dawa, kipimo na tarehe. Ramadhani nayo ina mpango wake: dawa za mara moja kwa siku huhamia baada ya futari, za mara mbili hugawanywa futari na daku, ila mtabibu aridhie kwanza. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, asifunge bila kuongea naye kabisa, kwa sababu mwili ukikaukiwa maji dawa hiyo hupanda kwenye damu na kuwa sumu.

Kuhusu dalili za mwanzo, hakuna orodha moja inayowafaa wote. Kila mgonjwa ana njia yake, na mara nyingi hupita njia ileile kila anaporudiwa. Usingizi huwa wa kwanza kwa wengi: anaamka saa nane usiku, anafagia uwanja gizani, au analala mchana kutwa. Kisha anaanza kula peke yake au kukataa chakula kilichopikwa na mtu fulani. Anaacha kuoga. Anaona watu wa barazani wanamsema. Wa baipola anaweza kuanza kugawa vitu, kukopa, kuongea bila kituo. Wa sonona anaacha kwenda msikitini au kanisani alikokuwa hakosi, anajibu kwa neno moja.

Kaeni na mgonjwa akiwa mzima, mkumbuke pamoja mara ya mwisho: kitu gani kilibadilika kwanza, na kikafuata nini? Andikeni dalili tatu au nne za kwake kwenye karatasi moja, na chini yake nani ataambiwa, nani atampeleka kituoni, nauli iko kwa nani. Mgonjwa mwenyewe ataje ni nani anamwamini amwambie "naona usingizi umepungua" bila yeye kukasirika. Katika familia za Kimakonde, Kimwera na Kiyao ni busara mjomba awepo kwenye kikao hicho. Karatasi aliyoiridhia haitapingwa siku ya haraka. Na kama ukoo unataka dua au kombe (maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji ya kunywa), viandikwe humohumo, kwa sharti moja tu: vidonge visisimame.

Hesabu ya vidonge nayo ni kipimo kizuri kuliko maswali. Mathalani alipewa vidonge 30, kimoja kila usiku. Siku ya 28 imepita, vinatakiwa vibaki 2. Mkikuta 9, usiku saba zimerukwa. Hapo msifoke. Ulizeni kwa nini: vinamlaza sana? Vimemwondolea nguvu za kiume? Anaona aibu kumeza mbele ya wageni? Kila jibu lina suluhisho lake kliniki, na kufoka kunaziba njia ya kulipata.

Suala la kufoka lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Miaka ya 1950 huko London, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitali, wakakuta waliorudi kwa wazazi au wake zao walirudiwa zaidi kuliko waliokwenda kuishi kwa ndugu au kwenye vyumba vya kupanga. Tafiti zilizofuata zilionyesha tatizo liko wapi: lawama za kila mara, uhasama, na kumwangalia mtu mzima kama mtoto mchanga. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale mgonjwa alipokaa uso kwa uso na jamaa wa namna hiyo zaidi ya saa 35 kwa wiki. Kwa hiyo kumpa mgonjwa kazi ndogo ya kumtoa uwanjani asubuhi, kuchota maji, kuanika samaki, kukaa dukani kwa shangazi, ni sehemu ya matibabu. Na mama anayemtunza peke yake miaka nenda rudi lazima apokewe, japo siku mbili kwa wiki. Mtu aliyechoka hawezi kuongea kwa upole hata akitaka.

Dalili zikionekana, msingoje tarehe ya kliniki. Nendeni ndani ya siku mbili tatu mkiwa na kadi, pakiti za dawa zote pamoja na za mganga, na majibu ya maswali haya: amelala saa ngapi usiku tatu zilizopita, anakula, amebakiza vidonge vingapi, amekunywa pombe au kuvuta bangi, ana homa, ametishia kujidhuru au kumdhuru mtu. Anzieni zahanati au kituo cha afya. Wakishindwa watatoa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, ni ngazi ya taifa, wala haina sababu ya kuwa safari ya kwanza. Kama gharama zinawashinda, ombeni kumwona ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuondoka.

Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na nyumba isafishwe upesi: viuatilifu vya mikorosho, kamba, panga na dawa zote vitolewe vikafungiwe kwa jirani. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo, humpa nafasi ya kusema. Akiwa na vurugu, aongee mtu mmoja kwa sauti ya chini, watoto waondolewe, mlango usizibwe. Mgonjwa anayekataa tiba huku ni hatari kwake au kwa wengine, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumfikisha na kumlaza bila ridhaa yake, hivyo mtendaji wa kijiji na polisi waombwe usafiri na ulinzi, na kipigo kisiwepo.

Akitoka wodini baada ya kurudiwa, hesabu ya miezi ya dawa inaanza upya, na ile karatasi iongezwe kilichoonekana safari hii.