Passé simple ya Kifaransa: yanayosemwa na yalivyo kweli

Mwanafunzi wa Kifaransa anaweza kufika mbali bila kukutana na passé simple, njeo (yaani umbo la kitenzi linaloonyesha wakati) ya mambo yaliyopita. Anasalimia, anakata tiketi, anasimulia alivyoshinda jana, yote ya jana kwa passé composé, njeo ya wakati uliopita inayotumika katika maongezi. Siku moja anafungua kitabu cha hadithi cha watoto wa miaka minane, na ukurasa wa kwanza tu unamkabili na il prit (alichukua), elle vint (alikuja), ils furent (walikuwa), ils eurent (walikuwa na). Anakimbilia kamusi, anatafuta furent kama kitenzi, hakipo. Akiuliza, hujibiwa mambo mengi kuhusu njeo hii, na sehemu kubwa ya majibu hayo humpoteza.

"Njeo hiyo imekufa"

Ukweli uliomo ni huu: mdomoni haipo tena. Mfaransa aliyetoka sokoni hasemi j'achetai du poisson ("nilinunua samaki" kwa passé simple), husema j'ai acheté du poisson (maana ile ile kwa passé composé). Katika maongezi ya kawaida zimebaki kauli chache zilizoganda, kama il fut un temps, yaani "kuna wakati ilikuwa hivi".

Lakini kutosemwa si kufa. Passé simple imejaa katika riwaya, hekaya za watoto, vitabu vya historia, wasifu wa wanasiasa na wa wachezaji, hata makala ndefu za magazeti. Ukitembea mitaa ya Paris utaiona imechongwa kwenye vibao vya mawe: Ici vécut, "hapa aliishi" fulani, ici mourut, "hapa alifariki" fulani. Mitaala ya shule za Ufaransa iliyoanza kutumika mwaka 2016 ilitaka watoto wanaomaliza shule ya msingi wazijue hasa nafsi za tatu, il na ils, kwa kuwa ndizo zinazobeba hadithi. Mtoto wa huko huanza kuzisikia akiwa bado anasomewa kitandani.

Ndiyo maana mwandishi anayeiacha huonekana. Albert Camus alipochapisha riwaya yake L'Étranger mwaka 1942, alimfanya mhusika wake asimulie kwa passé composé. Mwaka uliofuata mwanafalsafa Jean-Paul Sartre aliandika insha kuhusu riwaya hiyo, na uteuzi huo wa njeo ni miongoni mwa mambo aliyoyachambua. Kitu kilichokufa hakishangazi mtu kwa kutokuwepo.

"Ni ya mambo ya kale sana"

Dhana hii ina asili yake. Mwaka 1660 Antoine Arnauld na Claude Lancelot walitoa sarufi inayojulikana kama ya Port-Royal, na ndani yake mna kanuni ya siku moja: unaweza kusema j'écrivis ("niliandika") kwa jambo la jana, lakini si kwa jambo la asubuhi ya leo, la leo ni j'ai écrit. Wasomaji wa Rwanda na Burundi hawataona ajabu, kwa sababu Kinyarwanda na Kirundi navyo hutenga wakati uliopita wa leo na ule wa jana kurudi nyuma.

Kifaransa cha sasa hakiendi hivyo. Mwandishi wa michezo anaweza kusimulia mechi ya jana usiku kwa passé simple. Riwaya inayotokea mwaka 2500, yenye vyombo vya kusafiri kati ya nyota, huandikwa kwa passé simple bila shida yoyote. Na upande wa pili, mwalimu anaposema Les Romains ont conquis la Gaule, "Warumi waliiteka Gaule", amezungumzia mambo ya miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita kwa passé composé, na hajakosea. Mwanaisimu Émile Benveniste alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1959: tofauti kubwa ni kati ya kusimulia na kuongea. Anayeongea yupo, anakwambia wewe, na jambo lake linagusa sasa. Anayesimulia amejiondoa, matukio yanajipanga yenyewe kana kwamba hakuna anayeyasema.

"Passé simple ni kitendo kifupi, imparfait ni kirefu"

Imparfait ni njeo nyingine ya wakati uliopita. Hii hufundishwa madarasani, na inaharibu insha nyingi. Hebu tazama: Louis XIV régna soixante-douze ans. Mfalme huyo alitawala miaka 72, tangu 1643 hadi 1715, na bado kitenzi ni régna. Vita vya Miaka Thelathini, vya 1618 hadi 1648, navyo husemwa vilidumu kwa dura, si durait. Kinachopimwa si urefu wa kitendo. Passé simple hukitazama kitendo kizima, mwanzo na mwisho wake vikiwa mkononi. Imparfait hukitazama kwa ndani, kikiwa bado kinaendelea au ni mandhari tu ya jambo jingine.

Na hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mali ambayo sijui kwa nini vitabu vya Kifaransa havituambii tuitumie. Tunayo -ka-. "Juma alifika, akabisha hodi, mlango ukafunguliwa, akaingia." Juma arriva, frappa, la porte s'ouvrit, il entra. Kila kitenzi kinasukuma hadithi hatua moja mbele. Sasa ongeza mandhari: "mvua ilikuwa ikinyesha, watoto walikuwa wamelala." Hapo hadithi haisongi, na Kifaransa hutumia il pleuvait, les enfants dormaient. Ukijiuliza "hapa kwa Kiswahili ningeweza kutia -ka-?" mara nyingi umeshapata jibu la passé simple au imparfait.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika Mwanzo, sura ya kwanza. Biblia ya Louis Segond inasema: Dieu dit: Que la lumière soit! Et la lumière fut. Ya Kiswahili: "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Dit ni akasema, fut ni ikawa. Mkristo aliyelelewa na aya hiyo ameshaisikia kazi ya passé simple tangu utotoni.

Mfanano huu una mpaka. Ka yetu hupenda kuwa na kitenzi kilichotangulia cha kuishikia, ilhali passé simple husimama peke yake: Victor Hugo naquit à Besançon en 1802. Hapo tungesema "alizaliwa". Zaidi ya hayo, -ka- tunaisema kila siku jikoni na barabarani. Passé simple ni ya maandishi.

"Jina lenyewe linasema ni rahisi"

Hapana. Simple hapa maana yake ni neno moja, kinyume cha composé, iliyoundwa kwa kitenzi kisaidizi pamoja na kitenzi kikuu. Basi.

"Haina utaratibu, ni kukariri tu"

Utaratibu upo, na ni mdogo kuliko watu wanavyohofia. Kuna makundi manne ya miisho. Vitenzi vya -er vyote, pamoja na aller ambacho mahali pengine ni msumbufu, huchukua -ai, -as, -a, -âmes, -âtes, -èrent: il parla, il alla, ils allèrent. Kundi la pili lina i: -is, -is, -it, -îmes, -îtes, -irent. La tatu lina u: -us, -us, -ut, -ûmes, -ûtes, -urent. La nne ni la venir, tenir na jamaa zao: vint, tint, devint, vinrent. Ukishazoea, kazi inayobaki ni kujua kitenzi gani kinaenda i na kipi kinaenda u.

Hapo ndipo unapotokea ushauri wa "tazama participe passé", yaani umbo la kitenzi linalofuata kisaidizi katika passé composé. Unasaidia mara nyingi: pris hutoa il prit, mis hutoa il mit, lu hutoa il lut, su hutoa il sut. Lakini ukiuamini moja kwa moja utaandika il vendut, na hilo si neno. Vendu, perdu, rendu, attendu na répondu zina u, ilhali passé simple zao ni vendit, perdit, rendit, attendit, répondit. Vu hutoa il vit. Battu hutoa il battit. Venu hutoa vint, mort hutoa mourut, na né hutoa naquit. Hizi ziandike kwenye daftari na uzipitie. Hakuna njia ya mkato.

Kwa anayeanza, ningemshauri azitambue nafsi zote sita akisoma, lakini akiandika ajizoeze il, ils na je. Vous chantâtes atakutana nayo mara chache sana. Kwa je ya vitenzi vya -er awe macho: je mangeai ni "nikala", je mangeais ni "nilikuwa nikila". Herufi moja, na hadithi imebadilika.

"Fut na fût ni mamoja"

Kosa hili huwapata hata Wafaransa wenyewe. Kofia (alama ^) juu ya nous fûmes na vous fûtes ni halali. Kwa il, kofia inaihamishia kauli kwenye imparfait du subjonctif, njeo nyingine kabisa. Kiswahili kinakupa kipimo: ukiweza kutafsiri kwa "alikuwa" au "akawa", andika fut. Ukihitaji "awe" au "hata kama angekuwa", andika fût. Il fut roi, alikuwa mfalme. Fût-il roi, hata kama angekuwa mfalme. Ndivyo ilivyo pia kwa fit na fît, eut na eût. Na ukikuta il s'en fut katika hadithi, usitafute ufalme wala hali yoyote: mtu huyo ameondoka, akaenda zake.