Hiyo albamu ilipigwa masta, jamani

Jana tena. Konda wa matatu ya Rongai, kijana mpole tu, ananiuliza ile albamu yenu ya magitaa na nyatiti mbona sauti iko chini, hamkuipiga masta? Nimeulizwa hivyo studio, nimeulizwa harusini, na wengine wanaouliza ni maprodyusa kabisa. Ilipigwa masta, ile hatua ya mwisho ya kuweka sauti sawa kabla albamu haijatoka. Miksi nilifanya mimi na siku ya masta nilikuwa nimekaa hapo hapo.

Tangu gengetone, ule muziki wa vijana wa mtaani, ilipuke 2018 hapa Nairobi masikio yetu yamezoea kitu kimoja, kiki ya drami na besi mbele, sauti juu yake, limita, ile ya kuzuia sauti isipite kiwango, imebana kila kitu kiko kimo kimoja toka mwanzo mpaka mwisho. Kwa klabu na matatu hiyo iko sawa, hata mimi namiksi hivyo wiki nzima. Lakini hii bendi iliingia chumba kimoja ikapiga pamoja bila kliki ya kuhesabia mwendo, na katikati kuna nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo.

Sasa nyatiti si nyuzi 8 peke yake. Mpigaji anavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na anagonga nayo ubao wa chombo chenyewe, hiyo ndiyo drami yake. Nilimwekea maiki mbili, moja ya nyuzi, ingine chini karibu na hicho kidole. Kwenye ubeti anagonga kama anakuna tu, korasi ikifika anagonga mpaka ubao unaitika. Nilipojaribu kubana desibeli sita, gonga dogo na gonga kubwa zikatoka sawa, ikawa ni mtu anabisha mlango tu. Nikatoa.

Na hata ukibana hufaidi. Spotify kwa kawaida yake inapeleka nyimbo kwenye kama LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti, ikikaribia sifuri ndiyo kelele zaidi), kwa hivyo ukileta yako -7 inashushwa, unabaki umeibana na bado haiko juu. YouTube nayo inashusha zenye kelele ila za chini haipandishi, hapo yetu utaisikia chini kweli, na kwa flashi ya matatu hakuna wa kurekebisha, konda hapo ana haki. Aongeze volyumu, basi.

Wale wa kusema folk na gitaa ni mambo ya wazungu leo sina nguvu nao, tafuteni omutibo, ule mtindo wa gitaa wa Waluhya, ya George Mukabi, gitaa kavu na chupa ya Fanta inayogongwa, halafu tuongee.

Kinachoninyima usingizi ni wimbo wa nne. Jamaa anaimba ubeti wa kwanza karibu ananong'ona, na ukiwa na iafoni masikioni Thika Road, basi likipita, maneno yote yanapotea na ni maneno mazuri sana. Juzi nimefungua tena ile sesheni, nikapandisha sauti yake desibeli moja na nusu, nikasikiliza mara tatu, ule mnong'ono ukawa mtu anaongea. Nikarudisha ilivyokuwa, lakini faili sijaifunga mpaka saa hii.