Kimbunga kilichokosa nauli

Aprili 2021, kimbunga Jobo kilipodhoofika kabla ya kufika pwani yetu ya Tanzania, simu yangu ilijaa utani. "Vipi mtabiri, kimbunga kimekosa nauli?" Nilicheka, ila swali lililojificha humo lilikuwa zito: tulidanganya?

Hatuna kompyuta inayoijua kesho. Tunachofanya ni kuiendesha kesho hiyo mara nyingi. Kituo cha Ulaya kinachotabiri hali ya hewa, kwa mfano, huendesha modeli yake, yaani mfano wa anga ndani ya kompyuta, mara 51, kila mara kikibadilisha kidogo tu hali ya kuanzia, kwa sababu hakuna anayepima kila kipande cha bahari na anga. Kila mara hutoka njia moja ya kimbunga; tuseme njia 15 kati ya hizo 51 zinaishia Dar es Salaam na zilizobaki zinakwenda kwingine au zinafia baharini. Hiyo ni kama asilimia 30. Kimbunga kisipokuja, utabiri haujavunjika. Kikija, haujavunjika pia. Najua inaudhi.

Ndiyo maana taarifa za tahadhari za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, zina mistari miwili ambayo wengi huiruka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Uwezekano unaweza kuwa mdogo na athari kubwa. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hausokoti upepo vya kutosha, kwa hiyo vimbunga kwetu ni adimu. Lakini kile cha 1872 kiling'oa mikarafuu na minazi ya Unguja, na cha 1952 kiliipiga Lindi. Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia. Safari za boti kati ya Dar na Zanzibar zilisimamishwa, na safari hiyo sikusikia utani.

Nikisema mvua ni asilimia 20, mama aliyeanika karafuu Pemba ana haki ya kuanua: atapoteza dakika chache, wakati karafuu zikilowa zinaharibika. Kwa asilimia ileile, mwenye kibanda cha chipsi anafungua bila wasiwasi. Namba ni moja, hasara hazifanani.

Nahodha mmoja wa ngalawa huniuliza kila upepo ukibadilika: "Sasa niende au nisiende?" Namjibu kwa swali: kwako kuna chakula cha siku ngapi? Akisema hakuna, najua atakwenda hata uwezekano wa upepo mkali ukiwa asilimia 40, nami hubaki kumwambia avue upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe na arudi kabla ya adhuhuri.