Jua Likizama Usifunge Begi: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Picha za Jiji Jioni

Simama kwenye daraja lolote linalotazama maghorofa, jua likiwa linazama. Utakuta watu wamejipanga, simu na kamera juu. Jua likishatoweka tu, wengi wanafunga mabegi na kuondoka. Huwa natamani kuwashika mkono niwaambie: subirini, ndiyo kwanza mambo yanaanza.

Dhana: Picha yenyewe ni ile ya jua linapozama

Wakati huo anga bado lina mwanga mwingi mno kuliko taa za majengo. Ukiipangia kamera mwanga wa anga, maghorofa yanageuka vivuli vyeusi. Ukiipangia mwanga wa maghorofa, anga linaungua na kubaki jeupe. Unachokitafuta ni kile kipindi kifupi ambacho mwanga wa anga umeshuka hadi ukalingana na wa madirisha, na hicho huja jua likiwa nyuzi 4 hadi 6 hivi chini ya upeo. Karibu na ikweta, jua huteremka karibu wima, kwa hiyo ni kati ya dakika 12 na 22 hivi baada ya kuzama. London mwezi Juni, ambako jua huteremka kwa mshazari, kufika nyuzi hizo 6 huchukua zaidi ya dakika 40.

Na mwanga haushuki polepole kama macho yanavyotudanganya. Kwa anga safi, tangu jua lizame hadi lifike nyuzi 6 chini, mwanga hupungua kama mara mia. Kule kwenye ikweta ni sawa na kupungua kwa nusu kila baada ya dakika tatu hivi. Vipimo ulivyoweka dakika tano zilizopita vimeshapitwa, kwa hiyo piga, tazama, rekebisha, piga tena.

Dhana: Ile buluu nzito hutiwa na programu

Ni ya kweli kabisa. Baada ya jua kuzama, mwanga wake hupita safari ndefu ya mshazari katika tabaka la ozoni, nayo ozoni hufyonza rangi ya manjano na ya chungwa. Edward Hulburt alilieleza jambo hili mwaka 1953. Kamera ndiyo inayoweza kuiharibu: ukiiachia ijichagulie rangi yenyewe, mara nyingi huiona buluu kama kosa na kuipunguza. Weka mpangilio wa mwanga wa jua, au piga kwa RAW, faili ghafi la kamera, ili rangi uirekebishe baadaye bila hasara.

Dhana: Giza likiingia, pandisha ISO

ISO ni kiasi kamera inavyoukuza mwanga ilioupata. Hii hufundishwa sana, na kwa picha za watu wanaotembea ina maana. Lakini maghorofa hayakimbii! Kamera ikitulia kwenye tripodi, ISO 100, tundu la lenzi (linalopitisha mwanga) la f/8 na sekunde 10 vitakupa picha safi. Ukipandisha hadi ISO 3200 ili mwangaza uwe uleule, shata, pazia la kamera, itafunguka theluthi moja tu ya sekunde. Hapo mkono hauwezi kutulia, na chenga, yaani vitone vitone vya rangi, zitajaa kwenye anga. Chenga hizo huletwa hasa na uhaba wa mwanga uliofika kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga. ISO hukuza kile kidogo kilichopatikana, haiongezi mwanga wowote.

Dhana: Ukiwa na tripodi, picha haiwezi kutikisika

Hapa ndipo picha nyingi za wanaoanza hupotea, nami nimepoteza zangu za kutosha. Kidole chenyewe kinachobonyeza kinaitikisa kamera, basi tumia taima ya sekunde 2. Mkanda wa shingoni ukining'inia hupepea kwa upepo na kuivuta kamera kidogokidogo. Uvue, au uuzungushie kwenye tripodi. Kama uko darajani, weka kiganja kwenye ukingo lori linapopita: utausikia mtetemo ukipanda hadi kwenye kiwiko. Mtetemo huohuo unapanda kwenye miguu ya tripodi. Subiri lori lipite, uhesabu moja, mbili, tatu, ndipo upige. Kisha kuza picha kwenye kioo cha kamera na utazame dirisha moja la mbali. Fremu zake zikionekana mbilimbili, rudia hapohapo, kwa sababu ukiwa nyumbani huna la kufanya.

Dhana: Flashi itasaidia

Mwanga wake huishia mita chache. Izime.

Dhana: Tundu dogo kabisa hutoa picha kali kabisa

Namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Kwenye f/22 mwanga hutawanyika kwenye kingo za tundu na picha nzima hulainika. Lenzi nyingi huwa kali zaidi karibu na f/8. Ukitaka taa za barabarani zitoe miale kama nyota, f/11 hadi f/16 inatosha. Lenzi yenye mabamba 7 yanayounda tundu hutoa miale 14. Yenye mabamba 8 hutoa 8.

Dhana: Simu haiwezi

Inaweza, ikitulia. Hali ya usiku hupiga picha nyingi na kuziunganisha kuwa moja, kwa hiyo iegemeze mahali imara. Gusa taa kali kwenye kioo, kisha punguza mwangaza mpaka uyaone madirisha moja moja.

Dhana: Lazima uelekee jua linakozama

Geuka nyuma. Mashariki, anga likiwa safi, utaona utepe wa waridi na chini yake ukanda wa kijivu-buluu unaopanda taratibu: ni kivuli cha dunia yenyewe kikiangukia hewa. Siku ya mwezi mpevu, mwezi huchomoza upande huohuo karibu na muda jua linapozama. Buluu inapoiva, mwezi huo unakuwa bado uko chini, katikati ya maghorofa, kabla giza halijaufanya mkali mno kwa picha moja.