Je, Wajua Kwa Nini Mwalimu Akipaza Sauti Darasa Huzidi Kelele?

Aliyewahi kupita karibu na darasa la tatu muda mfupi kabla ya kengele ya mapumziko anaujua mvumo ule: maneno ya watoto sabini yamechanganyika hayatambulikani, dawati linaburutwa sakafuni, kisha juu ya vyote hivyo inasikika sauti ya mwalimu, "Nyamazeni!" Kimya hushuka ghafla. Ukihesabu taratibu hadi kumi mvumo umerudi, na mara nyingi umerudi mkubwa kuliko ulivyokuwa. Wazazi husema watoto wa siku hizi hawana adabu, nao walimu, kwa uchovu, hukubaliana nao. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jambo hili haitokani na utovu wa adabu, bali na namna sikio na umakini wa binadamu vinavyofanya kazi.

Tuanze na sikio. Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, alieleza jambo alilolishuhudia kwa wagonjwa wake: aliyekuwa akizungumza huku akitiliwa kelele sikioni alipandisha sauti bila kukusudia, na kelele zilipokatwa sauti yake ilishuka tena, wala mwenyewe hakutambua kwamba amebadilika. Athari hiyo, ambayo mpaka leo huitwa kwa jina la Lombard, imeonekana hata kwa ndege. Sasa iweke darasani. Mtoto anayemnong'oneza jirani yake kuhusu kifutio kilichopotea huongeza sauti kidogo ili asikike, wa dawati la nyuma naye huongeza ili ampite huyo, na mwalimu anayepaza sauti juu yao wote huwa ameingia katika mashindano yaleyale na kupandisha kiwango ambacho kila mmoja anapaswa kukivuka. Ukuta wa saruji na bati lisilo na dari huzikuza kelele hizo zaidi, kwa sababu sauti inayogonga hapo hurudi ikiwa na nguvu zake karibu zote.

Ndiyo maana mwalimu mzoefu hupiga makofi kwa mdundo fulani na kusubiri darasa limjibu kwa mdundo uleule. Makofi hayashindani na maneno, na mikono inayopiga makofi haiwezi wakati huohuo kuvuta kola ya mwenzake. Baada ya hapo mwalimu huzungumza kwa sauti ya chini kuliko watoto walivyotarajia, nao hulazimika kutulia ili wamsikie.

Sababu ya pili inashangaza zaidi, kwa kuwa inahusu amri ambayo kila mwalimu huitoa. Mwaka 1968 watafiti wa Marekani, akiwamo Wesley Becker, walichapisha uchunguzi wao wa darasa la kwanza ambamo watoto walikuwa wakisimamasimama hovyo. Walimu walipoambiwa waongeze idadi ya mara wanazosema "kaa chini", watoto waliosimama waliongezeka. Walipoacha amri hizo na badala yake kuwasifu waliokuwa wameketi wakifanya kazi, waliosimama walipungua. Mtego wenyewe umejificha hapa: kila akiambiwa "kaa", mtoto hukaa mara moja, kwa hiyo mwalimu huamini amri imefaulu, na hiyo ndiyo inayomfanya airudie siku nzima. Haoni kwamba mtoto amejifunza pia njia ya hakika ya kupata macho ya mwalimu, bidhaa adimu sana katika chumba chenye watu sabini.

Kuna mwanasaikolojia mwingine, Jacob Kounin, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko Detroit, ambaye siku moja alimkaripia mwanafunzi aliyekuwa akisoma gazeti wakati wa mhadhara, akashangaa kuona wanafunzi wengine, ambao hawakuguswa na maneno hayo, nao wakijiweka sawa. Alitumia miaka mingi akitafuta ni karipio la namna gani linalofaa. Katika madarasa ya watoto wadogo aligundua kwamba ukali uliwatia taharuki bila kuongeza utii, wakati karipio lililotaja wazi nani, amekosa nini na afanye nini badala yake lilisaidia. Hatimaye, baada ya kurekodi madarasa mengi kwa kamera za video, alitoa kitabu mwaka 1970 chenye jibu ambalo hakulitarajia: walimu wenye madarasa matulivu na wale wenye madarasa ya vurugu hawakutofautiana sana katika namna ya kukaripia. Walitofautiana katika yale waliyoyafanya kabla ya vurugu. Waliofaulu walionekana na watoto kuwa na macho kisogoni, walimshika mhusika halisi mapema kabla utundu haujasambaa, na somo lao halikuwa na mapengo, yaani hawakuwaacha watoto wakikodoa macho huku mwalimu akitafuta chaki.

Kwa kipimo hicho, hebu tuitazame karatasi ya wapiga kelele, ambayo yeyote aliyesoma shule ya msingi Afrika Mashariki anaikumbuka. Mwalimu ameitwa ofisini. Kiranja anachana karatasi katikati ya daftari, anaandika kichwa na kukipigia mstari, kisha jina la kwanza. Anayerudia kosa huongezewa mara mbili, mara tatu. Dakika chache baadaye kelele kubwa kuliko zote ni za kubishania karatasi yenyewe: "Mimi sikuongea, nilikuwa naomba rula!" Mwingine anaahidi kashata ili afutwe. Adhabu huja nusu saa baadaye, mara nyingi kwa asiyehusika, na aliyekaa kimya muda wote hapati lolote.

Linganisha na mchezo uliojaribiwa katika darasa la nne huko Kansas na kuchapishwa mwaka 1969. Watoto 24 waligawanywa katika timu mbili. Mmoja akivunja kanuni, alama iliwekwa ubaoni palepale dhidi ya timu yake. Timu yenye alama chache ilishinda, na kama zote mbili hazikuvuka kiwango kilichowekwa, zote zilishinda na kupata muda wa ziada wa kufanya mambo wanayoyapenda. Vurugu zilipungua kwa kiasi kikubwa, na mchezo ulipositishwa zikarudi. Watoto wawili, lakini, walitangaza kwamba hawachezi tena, ikabidi waondolewe katika timu yao ili wenzao wasiadhibiwe kwa makosa yao. Kwangu hilo linaongeza imani katika taarifa hiyo, kwa kuwa kila darasa lina wawili wa aina hiyo.

Darasa la watoto 24, bila shaka, si darasa letu. Nchini Tanzania kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi, na shule nyingi zimekivuka mbali. Lakini timu zinaweza kuwa safu za madawati, ushindi unaweza kuwa safu itakayotoka ya kwanza kwenda kunywa uji, na mwalimu anaweza kufundisha akiwa amesimama kati ya safu ya tatu na ya nne, vipande viwili vya chaki mfukoni, ubao ukiwa umeandikwa kabla watoto hawajaingia.