Karakana ya maktaba inaanzia kwenye kaseti na cherehani

Mgeni wa karakana yetu ya maktaba, chumba cha kutengenezea vitu, huenda moja kwa moja kwenye printa ya 3D, mashine inayojenga vitu kwa plastiki. Anasimama, anatazama kichwa cha mashine kikienda na kurudi, anapiga picha, kisha ananigeukia: "Sasa hii inafanya nini?" Zamani nilimpa maelezo marefu. Siku hizi namuuliza mimi kwanza: nyumbani kwako kuna kitu gani kimeharibika, au kimekaa miaka kikisubiri kumaliziwa?

Mimi ni mkutubi, na chumba hiki nimekabidhiwa mimi. Wakutubi wenzangu wa hapa Dar es Salaam hunipigia simu wakitaka orodha ya vya kununua, na karibu wote wameanzia kwenye mashine ya bei kubwa kuliko zote. Nawaomba waanzie kwenye mikono ya watu wa mtaa wao: wanatengeneza nini tayari, na wanakwamia wapi?

Karakana ndani ya maktaba si jambo geni. Maktaba nyingi zimekuwa na chumba cha kujalidi vitabu, chenye kisu, gundi, uzi wa katani, sindano na kibanio cha mbao. Mwaka 1979 maktaba ya umma ya Berkeley, Marekani, ilianza kuazimisha zana za ufundi kama inavyoazimisha vitabu. Mwaka 2011 maktaba ya Fayetteville, mji mdogo katika jimbo la New York, ilianza kuandaa karakana yenye printa ya 3D ndani ya jengo lake, na mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza kufanya hivyo. Oodi, maktaba ya Helsinki iliyofunguliwa Desemba 2018, ina vyerehani, printa za 3D na mashine za kukata kwa mwali wa leza kwenye ghorofa moja na studio za muziki. Sisi tuna chumba kimoja chenye madirisha mawili, na kinajaa.

Kona ninayoipenda kuliko zote ndiyo wageni wanaipita bila kuiona: deki ya kaseti, skana bapa na kompyuta. Bibi mmoja wa Magomeni alikuja na bati la biskuti, amelifunga kwa kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa mnafufua kaseti."

Ndani mlikuwa na kaseti kumi na moja. Marehemu mumewe alikuwa baharia, na badala ya kuandika barua alikuwa akizungumza kwenye kaseti na kumpa mtu anayerudi nyumbani.

Kaseti zilitoka kwa kampuni ya Philips mwaka 1963, na utepe wake ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku. Hewa yetu ya pwani haiupendi utepe huo. Kwa hiyo kabla ya kucheza chochote ninaishika kaseti kwenye mwanga na kuchungulia dirisha lake dogo. Nikiona vumbi jeupe juu ya utepe, hiyo ni kuvu, na kaseti hiyo haiingii kwenye deki mpaka isafishwe, maana kuvu huhamia kwenye kichwa cha deki, sehemu inayosoma utepe, na kuambukiza kaseti inayofuata. Natazama pia kile kipande kidogo cha sponji kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa. Kikiwa kimebanduka, sauti itasikika kwa mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Nasafisha kichwa kwa pamba na spiriti, kisha naipeleka kaseti mbele mpaka mwisho na kuirudisha, ili utepe uliogandamana kwa miaka uachiane. Ndipo nabonyeza kitufe cha kucheza.

Waya unatoka kwenye tundu la nyuma la deki, si lile la hedifoni, na unaingia kwenye kompyuta yenye Audacity, programu ya bure. Naacha mawimbi ya sauti yasiguse ukingo wa juu, kwa sababu sauti iliyokatwa kichwa hairudi tena. Faili la kuhifadhi ni WAV, ambalo kwa ubora wa CD hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, hivyo kaseti ya dakika 60 ni karibu megabaiti 600. Kisha natoa nakala ndogo ya MP3 ya kutuma WhatsApp kwa wajukuu. Hakuna njia ya mkato: saa moja ya kaseti ni saa moja ya kukaa na kusikiliza. Bibi alikuja Jumanne saba mfululizo. Kuna mahali kwenye kaseti ya nne mumewe anasimulia baridi ya bandari moja ya Ulaya huku honi ya meli ikilia nyuma yake, na bibi aliniomba nirudishe hapo mara tatu. Kama bajeti yako ni ndogo kabisa, nunua deki ya mtumba iliyo nzima na uanze na hiyo.

Skana haina mengi. Picha ya kawaida nukta 600 kwa inchi zinatosha. Negativu inataka skana yenye taa kwenye mfuniko. Futa kioo kila mara.

Vyerehani tunavyo vinne, viwili vya umeme na viwili vya miguu. Watu hushangaa kuona vya miguu kwenye chumba kinachoitwa cha teknolojia. Umeme ukikatika, vyote vingine vinanyamaza na hivyo viwili vinaendelea. Kosa la wanaoanza ni lilelile kila wiki: sindano moja kwa kila kitambaa. Namba 11 ni ya kitambaa chepesi, 14 ni ya kitenge na pamba ya kawaida, 16 ni ya jinzi. Fulana inayovutika inataka sindano yenye ncha ya mviringo, isiyokata nyuzi. Ukishona fulana kwa sindano ya kitenge utaona mshono unaruka na vitundu vinatokea, nawe utalaumu mashine. Fundi mmoja wa nguo kutoka Buguruni hutufundisha Alhamisi jioni, na darasa lake ndilo lenye watu wengi kuliko yote, wanaume kwa wanawake.

Plota ya kukata stika imetuletea wateja ambao maktaba haikuwahi kuwaona, nao ni makonda na madereva wa daladala. Anakuja na maneno yake kichwani, tunayaandika kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, nayo ni ya bure, kisha kisu kinayafuata. Kabla ya kazi yenyewe kata mraba mmoja mdogo wa kujaribia. Kisu kipite kwenye stika bila kuchana karatasi ya chini. Kikichana, kimetoka mno. Maneno yatakayobandikwa kwa ndani ya kioo yageuzwe kushoto kulia kabla ya kukata, la sivyo watu wa barabarani watayasoma kinyumenyume. Wakati wa kubandika, nyunyizia kioo maji yenye tone la sabuni. Stika itateleza mpaka uiweke sawa, kisha unasukuma maji na mapovu nje kwa kadi ngumu.

Sasa turudi kwenye ile printa ya 3D. Inayeyusha uzi wa plastiki wa unene wa milimita 1.75 na kuuchora tabaka juu ya tabaka, kila tabaka milimita 0.2 hivi. Uzi tunaotumia zaidi ni PLA, unaoyeyushwa kwa nyuzijoto kama 200. Rola ya kilo moja ina takriban mita 330, na hiyo ni vitu vidogo vingi sana. Kinachoombwa zaidi hapa ni kitufe cha regulata ya feni. Nyumba ngapi hapa mjini zinazungusha feni kwa koleo? Mwenye shida analeta regulata yake, tunapima mhimili kwa kalipa, kipimio cha unene, mara nyingi ni milimita 6 na upande mmoja bapa, tunachora tundu la milimita 6.2 kwa sababu tundu lililochapwa huwa dogo kidogo kuliko lilivyochorwa, na chini ya saa moja anaondoka nacho mkononi. Kupima huko kwa kalipa kunamfundisha mtoto wa sekondari desimali kuliko nitakavyoweza ubaoni.

Ina udhaifu wake, na ni haki uujue kabla ya kulipa. PLA hulegea karibu na nyuzijoto 60. Mwanafunzi wetu mmoja alichapa sehemu za daraja la mradi wa shule, akaziacha kwenye dashibodi ya gari juani, akakuta daraja limejikunja. Kitu cha kukaa juani tunachapa kwa PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi. Uzi wenyewe hunywa unyevu: ukisikia printa ikichemka kama mafuta yaliyoingia maji na kazi ikitoka na nywelenywele, uzi umelowa. Tunauhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu. Na printa iwekewe UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, maana kazi ya saa tano ikikatika saa ya nne mara nyingi unaanza upya.

Meza ya lehemu ni ya vijana wa redio na roboti. Dirisha liwe wazi, feni ivute moshi, mikono inawe kabla ya kula kwa sababu waya wa lehemu mwingi una risasi. Anayeunganisha Arduino ya volti 5, kibao cha kuendeshea vifaa vya elektroniki, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo pini zake ni za volti 3.3, aniite kwanza, asije akaziunguza.

Mashine ya leza hatuna, na kwa chumba chetu siitaki bado. Inakata mbao nyembamba na akriliki vizuri mno, lakini inataka bomba la kutoa moshi nje na mtu wa kuisimamia kila dakika, kwani inaweza kuwasha moto. Hatari kubwa ni plastiki ya PVC. Ngozi bandia nyingi na stika nyingi zina PVC, na ikichomwa kwa leza hutoa gesi ya asidi ya kloridi, inayounguza mapafu na kula mashine yenyewe. Macho pekee hayatofautishi ngozi bandia yenye PVC na isiyo nayo.

Rafu ya mwisho, karibu na mlango, ina zana za kuazima kwa kadi ileile ya vitabu: kipima umeme (multimita), kalipa, seti ya bisibisi, koleo la kupiga riveti, na drili moja. Vyote ni vya siku tatu. Drili ndiyo yenye foleni. Ukiitaka kwa Jumamosi, andika jina lako kufikia Jumatano.